Kiriba cha Pandu na Sheria ya Vita

Wanaorudi safarini na hekima hupewa kiti cha mbele. Mimi nilirudi na aibu, kwa hiyo nipeni kigoda tu hapo mlangoni, nami nitasema yote.

Naitwa Kahemele. Nilikuwa tabibu wa zahanati kwa miaka kumi na sita kabla sijapatwa na wazimu wa kurudi shule kusomea udaktari, pamoja na vijana wanaoniita Babu. Mtihani wa dawa za moyo uliochoka niliufanya mara mbili, na mara zote mbili ndio ulionifanya mimi. Mara ya kwanza niliorodhesha dawa zote bila kukosea hata herufi, na msahihishaji akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Mgonjwa wako amekufa." Mara ya pili akaandika: "Tena."

Jinsi nilivyofika Mferejini haimsaidii mtu. Nilitoka na viatu, nikafika na viatu, hilo latosha.

Mferejini ni nchi isiyo na mvua, mto wala kisima. Maji yake ni yale yale siku zote, yanazunguka katika mifereji mikubwa inayogawanyika kuwa midogo, na midogo kuwa vijifereji vyembamba kama nywele, yakapita mlangoni kwa kila mtu, kisha yakarudi yalikotoka. Katikati ya nchi kuna jukwaa la mawe lenye ngazi kumi na mbili. Juu yake amekaa mtu mmoja na kiriba kikubwa cha ngozi. Akikibana, maji yanakwenda. Akikilegeza, yanarudi. Halafu anabana tena. Hana zamu, hana Jumapili, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama angependa kazi nyingine.

Mtu huyo anaitwa Pandu. Nilipofika alikuwa na miaka arobaini kazini. Zamani kila bano lake lilitoa sehemu sitini kati ya mia za maji yaliyomo. Sasa lilitoa ishirini na nane. Niliambiwa sababu. Kwa miaka ishirini mifereji ilikuwa imekazwa kupita kiasi, Pandu akawa anabana kwa nguvu ya kupasua mishipa ya shingo, na hakuna aliyepima, kwa kuwa hakuna aliyelalamika. Ngozi ya kiriba ikanenepa kwanza, watu wakaisifu kwa unene. Kisha ikatanuka na kulegea kama soksi ya mlinzi.

Hapo ndipo ilipoingia Sheria ya Vita, ambayo ni lazima niieleze, maana wenyewe wanaijivunia kuliko bendera yao.

Mwisho wa mfereji wanakaa wapima-kina wawili, mapacha, kila mmoja na kijiti chake. Kazi yao ni kutazama maji yanayowafikia. Karne nyingi zilizopita maadui walikuwa wakivamia na kutoboa mifereji, na maji yalipopungua kwa mapacha ilikuwa na maana moja tu: nchi inamwaga. Wazee wa wakati ule wakatunga sheria nzuri sana. Maji yakipungua, Pandu wa zama hizo achapwe mijeledi abane upesi. Mifereji ikazwe kwa kamba ili maji yapande. Na chumvi ikusanywe ghalani, kwa sababu huko maji huifuata chumvi kama kuku anavyomfuata mwenye mtama, na tone lisipotee. Kwa sheria hiyo walishinda vita vyote.

Vita viliisha kabla ya babu wa babu zao. Sheria haikuambiwa.

Nilifika siku ya kikao cha Baraza la Mifereji. Wajumbe ni saba. Watano hawapendi kutajwa, nami nitawaheshimu. Wawili waliobaki ni Mheshimiwa Fumbwe, Waziri wa Kukaza na Kuhifadhi, mtu mnene mwenye sauti ya upole, na Mnyapara Makungu, mkuu wa mijeledi, ambaye bega lake la kulia lilikuwa kubwa kuliko la kushoto.

"Mapacha wameleta taarifa," alisema Waziri. "Maji kwao ni vidole viwili. Wiki iliyopita yalikuwa vitatu. Mnyapara, umefikisha mijeledi mingapi?"

"Mia na ishirini kwa dakika, Mheshimiwa."

"Na Pandu?"

"Anabana mia na ishirini. Mtiifu sana yule bwana. Ila kila bano ni kama la mtu anayekamua limau kavu."

"Basi ongeza. Na kamba tukaze tundu moja zaidi. Na chumvi?"

"Ghala limejaa mpaka darini," akasema mjumbe mmoja asiyependa kutajwa.

"Lijazwe na dari."

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Nikauliza kama kuna mjumbe aliyekwenda kumtazama huyo Pandu. Waziri alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeuliza choo kiko wapi katikati ya sala.

"Tuna kipimo, ndugu mgeni. Ukiwa na kipimo, mtu wa nini?"

Nilikwenda mwenyewe.

Pandu alikuwa amekaa ndani ya maji mpaka kiunoni. Yale aliyoshindwa kuyasukuma mbele yalikuwa yamerudi kutuama nyuma yake, yakapanda jukwaa lote. Miguu yake, alipoitoa nione, ilikuwa imevimba. Nilibonyeza kwa kidole gumba na shimo likabaki kama kwenye unga uliokandwa. Halali akinyooka. Akinyooka, maji yanamfika kooni. Pembeni yake alisimama mama mmoja mfupi, kanga kiunoni, ufunguo wa chuma mkononi: Bi Shadya, mfungua michirizi. Kazi yake ni kufungua vilango vya kutolea maji nje ya nchi, lakini Sheria ya Vita ilimruhusu kilango kimoja tu, mara mbili kwa wiki.

"Karibu... mgeni," alisema Pandu, akivuta pumzi kila baada ya neno. "Usikae... kiti... kimelowa."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe... ni fundi?"

"Nimesoma habari zako, Mzee. Nimezisoma sana."

"Umesoma..." akapumua mara mbili, "au umefaulu?"

Bi Shadya akacheka mpaka ufunguo ukamponyoka. Mimi nikashika tena mguu, nikaupima kwa makini upya. Watu walio karibu na kufa huwa na maswali ya jeuri.

Aliponisindikiza ngazini, Bi Shadya hakucheka tena. "Baba, nikwambie ukweli. Kwa mwendo huu hamalizi mwezi. Na yule akisimama, hakuna mtu hapa atakayebaki wa kumzika. Kama una neno, likaseme barazani. Kama huna, usinipotezee muda, nina maji ya kuchunga."

Nilikuwa na neno. Hiyo ndiyo shida yangu ya maisha, huwa nina neno.

Mferejini wana desturi moja ambayo ningeipendekeza kwetu kama nisingekuwa mhanga wake. Mtu akitoa ushauri barazani, ushauri huo huandikwa kwenye kibao akavishwa shingoni, na hukivua siku matokeo yatakapojulikana wazi. Ndiyo maana wajumbe watano wale hawapendi kutajwa. Mimi nilikivaa kwa furaha, nikidhani ni nishani.

"Waheshimiwa," nilisema, na sauti yangu ilinipendeza, "mnamchapa mtu aliyechoka. Mjeledi unamfanya abane mbio, na kila bano la mbio linamlegeza ngozi zaidi. Kwetu kuna dawa iitwayo bisoprololi. Kazi yake ni kuukamata mkono wa mwenye mjeledi, na imethibitishwa kwamba inarefusha maisha. Nashauri mijeledi isimame."

"Lini?" aliuliza Mnyapara Makungu.

"Leo."

"Yote?"

"Yote!" nikasema, nikapiga meza.

Walilipenda sana lile jina la dawa. Mjumbe mmoja alilirudia mara tatu kama anaonja tende. Wakapiga kura, ikapita, na Mnyapara akaushusha mkono wake kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

Niseme jambo moja kwa kujitetea: kila nililolisema lilikuwa kweli. Vitabu vyote vinalo. Hata msahihishaji wangu angeliwekea alama ya vema, kisha akageuza ukurasa akaona nimelifanya siku gani.

Mabano ya Pandu yalishuka kutoka mia na ishirini hadi arobaini na tano. Kiriba kilikuwa kimelegea mno, kila bano likitoa kidogo tu, na idadi ndiyo iliyokuwa ikimshikilia. Nilipoondoa idadi, hakubaki na kitu. Maji yakapita kiunoni, yakapanda kifuani. Kucha zikawa za buluu. Akaanza kukohoa povu la rangi ya waridi, macho yamemtoka, mikono ikitafuta hewa kama inavyotafutwa kamba.

Nami nilikuwa nimesimama ngazi ya kumi na moja, kibao shingoni, nikikumbuka orodha.

Bi Shadya hakukumbuka orodha yoyote. Alimkalisha wima, akamning'iniza miguu chini, kisha akachukua jiwe na kuvunja kufuli za vilango vyote, vile vya halali na vile vya haramu. Maji yakatoka kwa kishindo. "Mnyapara!" alipiga kelele. "Rudisha mkono wako! Taratibu! Na wewe msomi, shika huyu mzee mgongo, au hilo nalo mpaka uandikiwe?"

Nilimshika. Nilimshika mpaka jua lilipopinda, na wakati wote nilisikia mgongoni mwake ule mchakacho wa maji, kama mtu anatembea juu ya majani makavu, ukishuka kidogo kidogo kwenda chini.

Alipoweza kusema maneno matano mfululizo, Pandu alinigeukia. "Hukufaulu," alisema. "Ningejua mapema... ningekuuliza mara mbili."

"Mzee, nisamehe."

"Nimechapwa na wenye nia mbaya miaka mingi. Mwenye nia njema... ndiye aliyekaribia kunimaliza."

Bi Shadya alikuwa anakamua kanga yake. "Ulimnyang'anya mkongojo mtu aliyeuegemea," alinambia. "Sikatai kwamba mkongojo wenyewe ni mbaya. Mjeledi ule unamuua, hilo hata mimi najua bila kitabu. Lakini kwanza ungemkausha. Mtu akiwa majini humwachishi kitu. Akishakauka, akatulia, ndipo unapunguza, kama mama anavyomwachisha mtoto ziwa. Wewe uliwahi kuona mama anaachisha kwa azimio la baraza?"

Wakanibadilishia kibao. Kipya kilisomeka: ALIZUIA YOTE SIKU MOJA, MTU AKIWA MAJINI. Nilikivaa miezi minne. Mama wauza vitumbua walikuwa wakikisoma kwa sauti nikipita, kisha wananipunguzia bei kwa huruma.

Sikuondoka. Ningependa kusema ni kwa ujasiri, lakini sheria hairuhusu mtu kuvuka mpaka na kibao shingoni.

Basi tukaanza upya, Bi Shadya mbele, mimi nyuma. Siku tisa alifanya kazi peke yake, akifungua na kufunga, akipima uzito wa Pandu kila asubuhi kwa mizani ya nafaka kabla hajanywa chai. Kazi yake hiyo kwetu hufanywa na dawa iitwayo furosemaidi. Nilimsifu, nikamwambia ameokoa maisha. Akakataa.

"Mimi namkausha tu ili apumue. Siku zake siziongezi hata moja. Za kuongeza siku ni hizo nyingine unazozijua wewe, kama kweli unazijua."

Siku ya kumi miguu ya Pandu ilionyesha mifupa. Nikaomba ruhusa ya kwenda Idara ya Kukaza.

Idara hiyo ina utaratibu huu. Mapacha wakiogopa, hutuma barua. Barua hiyo haina nguvu yoyote mpaka ifike kwa karani mmoja aliye nyumba ya hewa, yaani mapafu ya nchi, akaigonga muhuri. Ikishagongwa ndipo kamba hukazwa nchi nzima na ghala la chumvi huamriwa kufunguliwa lipokee zaidi. Nilichofanya ni kumpeleka mtu aitwaye Enalaprili, jina la dawa ya kwetu, mpole asiye na makuu, akaukalie ule muhuri. Tulianza na kuukalia nusu siku tu, tukitazama maji yasishuke mno. Barua zikarundikana bila kugongwa. Kamba zikalegea. Pandu alibana siku hiyo, akasimama, akakitazama kiriba chake.

"Kuna mtu amefungua mlango mahali," akasema. "Leo sisukumi ukuta."

Mapacha walipiga kelele, kama ilivyotarajiwa. Malalamiko yao yalipanda sehemu ishirini kwa mia. Waziri Fumbwe akanijia na vijiti vyao mkononi. "Unaona? Unawaua!"

"Yakifika thelathini nitashtuka pamoja nawe, Mheshimiwa. Ishirini ni uoga wa kuzoea."

"Kibao chako kinasemaje?" akauliza kwa ule upole wake.

Nikakigeuza kibao, maandishi yakatazama kifua changu.

Kisha watu wakaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, kisicho na makohozi, nchi nzima kama darasa lenye chaki. Kumbe yule karani, kwa muhuri ule ule, alikuwa pia akiidhinisha ufagiaji wa vumbi fulani, na vumbi lisipofagiwa linawasha koo. Hilo nalo nilikuwa nimelisoma. Kwa mara ya kwanza nilikumbuka kabla ya mtu kukaribia kufa. Nikamwondoa Enalaprili kwa heshima, na mahali pake wakaja wawili wa kidonge kimoja, wanaotembea wameshikana mikono, mmoja wa kuzuia barua mlangoni mwa wapokeaji, mwingine wa kulinda matarishi wanaoleta habari za kulegeza kamba. Wawili hawa hawatakiwi kukutana na Enalaprili hata kwa bahati mbaya, kwani wakikutana uso wa nchi huvimba, midomo na koo. Lazima zipite saa thelathini na sita. Niliketi mpakani na chupa ya mchanga, nikaigeuza kila saa. Bi Shadya aliniletea uji, akasoma kibao changu, akasema, "Leo angalau unahesabu."

Mlinda ghala la chumvi tulimzibia masikio kwa dawa ya spironolaktoni, asisikie amri ya kukusanya. Ghala hilo lina ajabu yake: kila gunia la chumvi likiingia, debe la majivu hutolewa kwa mlango wa nyuma. Ukizuia chumvi kuingia, majivu nayo hayatoki. Majivu kidogo yanafaa. Mengi yanamsimamisha mtu wa kiriba ghafla, katikati ya neno. Basi kila wiki nilikwenda na kijiko kupima majivu, kisha kila mwezi. Mlinda ghala mwenyewe alianza kulalamika kwamba kifua chake kinavimba na kuuma kama cha msichana. Wajumbe walicheka. Mimi nilimwambia kuna dawa ndugu yake isiyo na mzaha huo, na kama maumivu yatazidi tutambadilishia.

Aliyefuata aliwatesa sana wajumbe barazani. Nilileta dawa iitwayo dapagliflozini, ambaye hukaa pale kwa mapacha na kuacha sukari ipite kwenda nje, maji yakiifuata.

"Pandu ana ugonjwa wa sukari?" aliuliza Waziri.

"Hana, Mheshimiwa."

"Basi huyu anamsaidiaje?"

Nilifungua mdomo. Nikaanza kueleza habari za chumvi, za nishati, za mapacha kupumzishwa, nikajikuta ninaeleza kwa mikono kuliko kwa maneno. "Kwa kifupi," nikamalizia, "anasaidia hata asiye na sukari. Imeonekana. Wakubwa zangu nao wakilieleza huwa wanatumia mikono."

Kwa ajabu, hilo ndilo jibu pekee lililonipatia makofi Mferejini.

Na mjeledi? Ulisubiri mpaka Pandu akae kwenye mawe makavu wiki mbili. Nilikwenda kwa Mnyapara Makungu nikamwambia, "Mzee, leo tuzuie thumni tu."

"Thumni ya mkono inazuiwaje?"

"Chapa kama unayefikiria jambo jingine."

Baada ya wiki mbili, robo. Siku tatu za mwanzo Pandu alichoka zaidi, akanuna, akasema nimerudia ujinga. Nilitaka kuacha kabisa, Bi Shadya akatazama miguu, akapima uzito, akafungua kilango kidogo, akasema, "Usikimbie. Subiri." Tukasubiri. Wiki mbili tena, nusu. Nyingine mbili, kamili. Siku ya mwisho Mnyapara alikaa ngazini, mkono umetulia mapajani, akauchezesha polepole.

"Mgeni, nikuulize. Bega hili limeniuma miaka kumi na tisa. Kwa nini hakuna aliyeniambia linaweza kupumzika?"

Katika mwezi wa nne kiriba kilikuwa kimenywea. Kila bano lilitoa sehemu arobaini na moja. Pandu aliimba akifanya kazi, vibaya sana. Mapacha walikuwa na vidole vinne vya maji, nao wakanyamaza, na ukimya wao ndio ulioleta hatari.

Kwa maana Baraza likakutana. Waziri Fumbwe alisimama na hotuba ndefu ya shukrani, akanipongeza, akapendekeza kibao changu kitundikwe makumbusho. Kisha akasema: "Dawa ni ya mgonjwa. Pandu sasa ni mzima. Napendekeza hatua zote ziondolewe kuanzia kesho, tufanye sherehe, turudi kwenye Sheria yetu." Wajumbe watano wakatikisa vichwa kwa furaha. Walikuwa wamechoka kupima majivu.

Bi Shadya, aliyekuwa mlangoni kwa kuwa si mjumbe, alinitazama. Sote wawili tulijua. Wakirudisha kamba, chumvi na mjeledi, maji yangemfika Pandu kiunoni kabla ya mwezi kuisha, na safari hii ngozi isingekuwa na pa kutanuka.

Nilisimama. Kila mjumbe akatazama shingo yangu. Nikaanza kutaja dawa moja moja na faida zake, nikasikia sauti yangu ikinipendeza tena, nikashtuka, nikanyamaza katikati.

"Waheshimiwa," nikasema, "mimi si wa kuaminiwa. Twendeni kwake."

Hakuna Baraza lililowahi kupanda ngazi zile. Walibishana kama kanuni zinaruhusu. Kanuni zilikuwa hazijalifikiria hilo. Basi tukaenda, saba wa Baraza, Bi Shadya na mimi. Kwenye ngazi ya nane Waziri Fumbwe alisimama, akashika goti.

"Ngazi hizi... ni ngapi?"

"Kumi na mbili, Mheshimiwa," alijibu Pandu kutoka juu, bila kuacha kubana. "Ukichoka pumzika. Mimi nilikuwa nikipumzika kwenye ya pili."

Walipofika, wakamtazama. Nadhani walitarajia mtu mkubwa zaidi. Waziri alijifuta jasho, akasema kwa sauti ya kutangaza: "Bwana Pandu, nchi inakupongeza kwa kupona."

"Sijapona, Mheshimiwa. Nimepunguziwa. Hivyo ni vitu viwili."

Waziri akanigeukia. "Mgeni. Wewe ndiye mwenye vitabu. Atapona lini?"

"Haponi, Mheshimiwa."

"Haponi!" Aliwatazama wenzake. "Tumepima majivu miezi minne, na haponi! Basi dawa za nini?"

Nilitafuta kichwani. Orodha ilikuwapo yote, na dozi zake, na madhara yake, hata saa thelathini na sita. Jibu la swali lile halikuwamo. Nikasimama kama nilivyosimama mara mbili mbele ya karatasi.

"Za nini?" alisema Pandu. "Ili nife kwa kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Chochote. Uzee. Ng'ombe anirukie. Miaka arobaini, waheshimiwa, nimekaa hapa kifo kikinijua anwani. Nataka nacho kipate tabu kidogo kunitafuta." Akabana. "Nyie mkitaka kuniondolea hizi dawa kwa sababu nafanya kazi vizuri, haya. Lakini nafanya kazi vizuri kwa sababu yake. Mtu akiacha kulowa, huwa mnamnyang'anya mwavuli?"

Hakuna aliyecheka. Mnyapara Makungu ndiye aliyesogea wa kwanza. Alikaa kwenye jiwe kando ya Pandu, akanyoosha juu mkono wake wa kulia, ule wa mjeledi, ukasita hewani kwa kutozoea kwenda juu bila kushuka kwa nguvu. "Dawa zibaki," akasema. Wawili kati ya wale watano wakatazamana, wakanyoosha. Wengine watatu wakatazama ardhi.

Mikono mitatu kati ya saba.

Waziri Fumbwe alikuwa bado anahema. Alitazama chini ngazini alikotoka, akamtazama Pandu, akaweka kiganja kifuani mwake mwenyewe na kukiacha hapo kwa muda, uso wake ukiwa wa mtu anayesikiliza hatua za mgeni ndani ya nyumba yake. Kisha akanyoosha mkono. Haukufika juu sana, ila ulihesabika kuwa wa nne.

Wakashuka bila hotuba. Bi Shadya akafunga kilango, akafungua kingine nusu. Mimi nilibaki nimekaa karibu na Pandu, nikahesabu mabano yake kwa dakika nzima: sitini na manne. Kisha nikahesabu tena, maana mimi si mtu wa kuaminiwa mara ya kwanza.